Kamba wa Mfereji wa Kwanza

Hakuna aliyemwitikia. Inspekta alishuka garini saa mbili kasorobo asubuhi, akatoa salamu ya kusikika mpaka ng'ambo ya mfereji, na watu ishirini na kitu waliosimama juu ya tuta kuu wakainama kuangalia majembe yao. Mmoja alitema mate. Hakumtemea yeye, alitema pembeni, lakini alihakikisha ameonekana akitema.

"Leo wametupokea vizuri," alisema Koplo, dereva wake, mtu mnene asiyeacha utani hata msibani. "Jana walinitolea upepo tairi mbili."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili, mwenye magoti mabovu, na kikosini walimwita Kupe kwa sababu akishika haachii. Jina lilikuwa limefika mashambani kabla yake, na wakulima walilitumia waziwazi.

Siku kumi na mbili nyuma, mgawa maji wa skimu ile ya mpunga, aliyekuwa akifungua na kufunga milango ya mifereji sita kwa zamu, alipanda juu ya tuta kuu alfajiri ili aufungulie maji mfereji wa nne. Tuta likatitia chini ya miguu yake. Walimfukua kwenye tope saa tatu asubuhi, ameshakufa. Ndani ya tuta walikuta mashimo kwa mamia, kila moja la kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na ndani ya mashimo wakawakuta kamba wekundu wenye magando, viumbe ambao miaka minne iliyopita hakuna mtu wa pale aliyekuwa amewahi kuwaona. Wenyewe kwao ni ng'ambo ya bahari. Hawakuja kwa kuogelea, mtu aliwaleta. Na kila mkulima alidai anamjua mtu huyo: mfuga samaki waliyemwita Bwana Mabwawa, mtu wa kuja, mwenye mabwawa manane mwisho wa mfereji wa sita na tabia ya kutochangamana.

Bwana Mabwawa alikuwa na siku ya kumi na moja mahabusu. Leo, ikifika saa sita mchana, ama Inspekta amfungulie shitaka la kusababisha kifo, ama amwachie. Mkuu wa kituo alitaka shitaka. Wakulima nao walitaka shitaka, na walikuwa wamesema bila kumung'unya maneno kwamba akiachiwa watayakata mabwawa yote manane na kuivunja nyumba. Mkewe alikuwa bado ndani ya nyumba hiyo, na alikataa kuondoka.

Mwenyekiti wa skimu alishuka kutoka tutani. Alikuwa mdogo wake marehemu, mrefu, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Afande, leo umekuja kumchukulia nani maelezo? Tope?"

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Tangu nifike hapa, tope ndilo pekee ambalo halijanidanganya."

"Kaka yangu yuko ardhini, na wewe unapima mashimo kwa futikamba."

"Naomba nipite, Mwenyekiti."

Hakupisha. Alisimama tu katikati ya njia nyembamba, jembe begani, akitazama kwa mbali kama anayekisia mvua. Inspekta akashuka majini akamzunguka, na maji yakaingia ndani ya buti zote mbili. Juu ya tuta mtu alicheka. Aliyekaa peke yake kwenye mlango wa maji, mjane wa mgawa maji, hakucheka wala hakugeuka.

Walianzia mfereji wa sita, wakawa wanapanda kufuata maji yanakotoka. Kazi yenyewe ilichosha na haikuwa na sifa yoyote. Kamba wale wakichimba husukuma tope nje, likaganda mdomoni mwa shimo kama kikombe kilichopinduliwa na kutobolewa kitako. Inspekta alichutama kwenye kila kikombe, akakibonyeza, akaingiza kijiti shimoni, akasoma kipimo. Koplo alishika futikamba na kuandika.

Mfereji wa sita: tope bichi, mashimo ya shubiri moja. Wa tano: shubiri mbili. Wa nne, lilipokatika tuta: mpaka kiwiko. Wa tatu na wa pili: zaidi ya kiwiko, na vikombe vimeanza kupasuka kwa jua la misimu kadhaa. Walipofika mfereji wa kwanza, chini ya daraja dogo la zege, Inspekta hakuona kikombe hata kimoja. Ilibidi apige magoti na kupapasa. Vyote vilikuwa vimefunikwa na nyasi, na ndani ya shimo moja mkono wake uliishia begani. Alivuta kitu akakitoa nje: mzizi mkavu mnene kama kalamu, uliokuwa umeota ukikatiza shimo kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

"Koplo, ukihama, takataka zako nyingi zinabaki wapi?"

"Nyumba ya zamani, Afande. Ndiyo maana nilihama."

"Basi hii hapa ndiyo nyumba ya zamani."

Mwenyekiti alikuwa amewafuata hatua kumi nyuma pamoja na wanaume watatu. "Hao wadudu wanatembea hata nchi kavu," alisema. "Wametoka kwake, wakapanda."

"Wakaipita mifereji mitano bila kuchimba, wakaja kuanzia huku juu?"

"Basi aliwaleta huku mwenyewe akawamwaga, ili tusimshuku. Wewe humjui. Yule hata salamu anaipima kwanza ndipo aitoe."

Inspekta aliandika hilo pia. Lilikuwa jambo linalowezekana, na hakuwa mtu wa kulitupa jambo kwa sababu tu limesemwa kwa chuki. "Kama aliwamwaga yeye," alisema, "kwake patasema. Twende kwake."

"Sisi tutakwenda kwake saa sita," alisema Mwenyekiti. "Na hatutakwenda na futikamba."

Mke wa Bwana Mabwawa alifungua geti kiasi cha kupitisha pua. Alipoona sare alifungua zaidi kidogo, si kwa heshima.

"Mume wangu mnaye. Bado nini? Mmekuja kuwakamata samaki?"

"Nataka kuyaona mabwawa, mama."

"Yatazameni vizuri basi, maana kesho hayapo."

Mabwawa yote manane yalikuwa yamezungushiwa mabati yaliyochimbiwa ardhini na kufika usawa wa goti. Inspekta alitembea akiyapapasa. Upande wa juu bati lilikuwa limekunjwa mdomo upana wa kiganja, na mdomo ule ulielekea nje, kwenye majaruba ya wakulima. Bwawa la kwanza, la pili, la tatu, yote hivyo. Mnyama anayepanda bati kutoka nje angegonga kichwa na kuanguka. Mnyama aliye ndani angepanda, akavuka, akaenda zake.

"Koplo, wewe ungekuwa na kuku ungekunja hivi?"

"Kuku wangu wangeniaga na kuondoka, Afande."

Hakuwa anazuia kitu kisitoke. Alikuwa anazuia kitu kisiingie. Kwenye stoo walikuta pipa lenye magamba makavu ya kamba, jambo ambalo mkuu wa kituo alilishikilia tangu siku ya kwanza kama ushahidi wa kutosha. Kando ya pipa kulikuwa na mitego ya waya kumi na miwili, yote ina tope la mferejini, nje ya mabati.

"Haya mabati ya lini?" aliuliza Inspekta.

"Mwaka na miezi miwili. Alishawaona hao wadudu kwenye mfereji wa tano, akaenda kwenye mkutano wa skimu akawaambia wazibe. Mwenyekiti akamwambia akakae, hakuna aliyemwomba ushauri, yeye si mkulima. Waulize. Watakwambia hawakumbuki."

"Kwenye maelezo yake hakuyasema hayo."

"Ameacha kuwaambia watu vitu," alisema mwanamke yule, akafunga geti.

Ilikuwa saa nne na robo. Inspekta alikaa garini akavua buti moja, akamwaga maji, akaivaa tena. Sasa alijua ni nani ambaye hakuwaleta kamba, na hilo halikumsaidia chochote. Kumwachia Bwana Mabwawa bila mtu mwingine mkononi kulikuwa sawa na kuwapa wale watu ruhusa. Jalada lenyewe lilikuwa bado halina saini ya taarifa ya kifo. Aliyetakiwa kuitia alikuwa nesi wa zahanati.

"Twende kwa Nesi," alisema.

"Mungu ambariki Nesi," alisema Koplo. "Pale angalau kuna kiti."

Kweli kiti kilikuwepo. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili, benchi la wagonjwa barazani, na ndani meza, hadubini iliyofunikwa kitambaa, na rafu ya makasha manne meupe ya kubebea chanjo. Nesi alikuwa na miaka kama arobaini na mitano, kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia hapo. Aliziona buti za Inspekta zilivyolowa. Alileta taulo kavu na kumwekea miguuni.

"Karibu, Afande. Pole na kazi. Mgonjwa wangu wa mahabusu anaendeleaje?"

"Bado ana presha."

"Nitampelekea vidonge vingine kesho."

"Huenda kesho asiwepo pale." Inspekta alikausha miguu. Katika siku zote alizokuwa akizunguka kwenye tope lile, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumfanyia jambo la kibinadamu, na alishukuru kwa dhati. Alimpa karatasi, na Nesi akavaa miwani akaanza kusoma kabla ya kutia saini, maana alikuwa mtu makini.

Ukutani kulikuwa na chati iliyochorwa kwa mkono, imepakwa rangi, ya kumfanya mtu yeyote ajivunie. KICHOCHO, iliandikwa juu. Mistari sita, mmoja kwa kila mfereji, na chini yake miezi ya miaka minne.

"Umeichora mwenyewe?"

"Mwenyewe. Wakubwa wakija wanapiga picha nayo."

"Kimeshuka sana. Ulifanya nini?"

"Dawa, elimu, vyoo. Ya kawaida tu, Afande."

Inspekta aliinuka akaisogelea. Alikaa pale muda mrefu kuliko chati inavyostahili. "Dawa uligawa mifereji yote siku moja?"

"Wiki moja. Yote."

"Na vyoo?"

"Mwaka ule ule, wote."

"Lakini mfereji wa kwanza umeshuka peke yake. Wa pili ukafuata miezi saba baadaye. Halafu wa tatu. Wa sita ndio kwanza unaanza kushuka sasa hivi." Aligeuka. "Ni dawa gani hiyo, Nesi, inayotembea kufuata maji?"

Nesi alitia saini, akafunika kalamu kifuniko. "Watu wa mfereji wa kwanza ni wasikivu," alisema. "Wa sita ni wabishi. Wewe mwenyewe umewaona."

"Nimewaona. Ubishi wao hauna mfereji." Jicho la Inspekta lilikuwa limeshuka kwenye rafu ya vitabu. Kati ya rejista za wajawazito na za chanjo kulikuwa na daftari jembamba lenye neno moja ubavuni: Konokono. "Hili naweza kulitazama?"

"Ni la kuhesabia konokono wa mfereji. Ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Kazi ya kawaida."

Kila Ijumaa, kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Ukurasa wa kwanza: daraja la mfereji wa kwanza, konokono sitini na mmoja, mfereji wa sita, hamsini na wanane. Ijumaa iliyofuata: hamsini na tisa, na sitini. Ikaenda hivyo miezi mitatu, sitini kwa sitini, kazi ya kuchosha kuliko hata ya kupima mashimo. Ikarukwa Ijumaa moja. Wiki chache baada ya hapo mfereji wa kwanza ukawa arobaini, kisha kumi na saba, kisha watatu, kisha sifuri. Mfereji wa sita ukabaki na sitini zake.

"Mifereji iko sita," alisema Inspekta. "Wewe umehesabu miwili."

"Niko peke yangu hapa. Muda hautoshi."

"Muda usipotosha, mtu anahesabu ya karibu. Wa sita uko kilomita tatu. Umekwenda kwa baiskeli kila Ijumaa, jua na mvua, kuhesabu konokono mahali ambapo hapakubadilika kitu. Mtu hafanyi hivyo isipokuwa anataka kulinganisha. Na hahesabu miezi mitatu mizima kabla, isipokuwa anajua kuna siku inakuja. Hii Ijumaa iliyorukwa ulikuwa wapi?"

"Semina."

"Ulirudi na nini?"

"Cheti."

"Koplo," alisema Inspekta bila kumwondolea macho Nesi, "nishushie hayo makasha."

Koplo aliyashusha yote manne, akayafungua moja moja juu ya meza. Matatu yalikuwa laini ndani kama sahani. La nne lilikuwa na mikwaruzo sakafuni na kwenye pembe, miembamba, miwili miwili, mamia kwa mamia, ya kitu kilichojitahidi sana kutoka.

"Chupa za chanjo hazikwaruzi hivi," alisema Inspekta.

Nesi alivua miwani. Barazani mtoto alikuwa analia, na mama yake akimbembeleza amsubiri Nesi, Nesi anakuja sasa hivi.

"Walikuwa thelathini na sita," alisema. "Kulikuwa na ziwa pale kwenye semina, na mvuvi mmoja alikuwa nao kwenye ndoo. Mwalimu wetu alisema kwa kupita tu kwamba wanakula konokono kuliko kitu chochote. Hakutuambia tuwachukue. Nilikuwa nimeandika barua miaka minne, Afande, naomba dawa ya kuua konokono. Hakuna aliyenijibu. Watoto wa miaka tisa wanakojoa damu, na mama zao wananiambia ni dalili ya kukua, ndivyo ilivyo. Nikaona thelathini na sita ni wachache. Nikaona wakiwamaliza konokono watakosa chakula, watakufa."

"Hawakufa."

"Waligeukia miche. Halafu matuta." Alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Nilihesabu konokono kila Ijumaa. Sikuhesabu mashimo."

"Na hizi siku kumi na moja?"

Nesi aliivaa tena miwani.

"Nakuuliza. Umekwenda mahabusu mara tatu. Umemfunga yule mtu kipimo mkononi ukampima presha, ukijua amewekwa pale kwa kosa lako."

"Ilikuwa juu," alisema Nesi kwa sauti ndogo. "Nilimpa dawa nzuri."

Hasira ilimpanda Inspekta mpaka masikioni. Alikuwa amewachukia wale wa majembe tangu asubuhi, kwa haki, na kumbe wao walikuwa wamekosea tu. Huyu aliyempa taulo hakuwa amekosea.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angewatibu?"

Simu ya Koplo iliita. Alisikiliza, akaitikia mara mbili, akaikata. "Ni mke wa Bwana Mabwawa, Afande. Wameshafika kwake. Mtu wa kituoni kawaambia hatuna shitaka."

"Saa ngapi sasa?"

"Tano na nusu."

"Vaa viatu vyako, Nesi," alisema Inspekta. "Utawaambia mwenyewe."

Geti lilikuwa limeng'olewa na kulazwa chini. Bwawa la kwanza lilikuwa limekwisha kukatwa ukingo, na maji yalikuwa yakimwagika kwenye jaruba la jirani yakibeba samaki. Watu walikuwa hamsini sasa. Mke wa Bwana Mabwawa alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba na shoka mkononi. Yeyote aliyemtazama alijua atalitumia.

Nesi alishuka garini kabla ya kufunguliwa mlango. Walipomwona wakamwamkia, wote, kutoka kila upande, na waliokuwa karibu wakampisha apite. Alipanda kwenye ukingo wa bwawa la pili akasema, kwa sauti ile ile ya kuwaita wagonjwa kwa namba:

"Acheni. Siyo yeye. Waliletwa na mimi."

Mwenyekiti alimgeukia Inspekta. "Umemtisha. Umekosa la kufanya, ukaenda kumtisha mtu wa watu."

"Hajanitisha," alisema Nesi. "Walikuwa thelathini na sita. Niliwatoa kwenye kasha la chanjo nikawamwaga chini ya daraja la mfereji wa kwanza, saa kumi jioni. Kaka yako alipita pale anakwenda kufunga maji. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia nahesabu konokono. Akasema Mungu akulipe, akaenda."

Jembe la Mwenyekiti lilishuka taratibu mpaka likagusa ardhi. Mtu mmoja alianza kueleza kwamba binti yake alikuwa mgonjwa mwaka ule, na sasa ni mzima, akanyamaza katikati. Wengine waliangaliana. Inspekta aliwaona wakipiga hesabu, kila mmoja na nyumba yake, na hakupenda alichokiona.

Mwenyekiti ndiye aliyemaliza kwanza.

"Afande," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya adabu. "Mrudishe Nesi zahanati."

"Nimrudishe afanye nini?"

"Kazi yake. Wewe mtu unaye tayari. Yuko ndani, ameshazoea."

"Bwana Mabwawa hana kosa. Umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia. Hana kosa, na hana mtu. Samaki wake tutawakosa, hatutakufa. Huyu tukimkosa, nani atakuja kukaa kwenye tope hili? Wale wakubwa zake wasiojibu barua?" Alihema. "Kaka yangu nimemzika, harudi. Watoto waliopona hapa hawapungui mia mbili. Wangu wawili wamo. Mimi ndiye niliyefiwa, Afande, na mimi ndiye nasema hivi."

Minong'ono ya kukubali ilipita. Watu walisogea, si kwa fujo, wakajipanga mbele ya gari, bega kwa bega. Inspekta alimshika Nesi mkono akaanza kutembea. Walipofika kwenye mstari, mstari haukufunguka.

"Pisheni," alisema.

Hawakupisha. Koplo alisimama nyuma yake, na safari hii hakuwa na mzaha wowote. Walikuwa wawili mbele ya hamsini, na Inspekta aliogopa. Aliogopa zaidi kwa kuwa maneno ya yule mwanaume yalikuwa na akili ndani yake.

Nyuma ya mstari mtu alikuwa akipenya. Wa kwanza aligeuka, akaona ni nani, akajivuta pembeni. Mjane wa mgawa maji alitokeza, akasimama mbele ya Nesi, karibu mno.

"Hao mia mbili," alisema. "Wangu watatu wamo?"

"Wamo," alisema Nesi.

"Na baba yao umemwandika wapi?"

Nesi alitikisa kichwa.

"Shemeji," alisema Mwenyekiti, "hebu tufikirie kwanza. Tufikirie watoto."

Mjane alimgeukia. "Hesabu zenu nimezisikia, shemeji. Mume wangu hakuwa konokono. Wapisheni."

"Shemeji."

"Nimesema wapisheni."

Walipisha mmoja mmoja, kila mtu akimsubiri mwenzake aanze. Mwenyekiti alipisha wa mwisho, na alipisha hatua moja tu, ya kutosha gari. Inspekta alimweka Nesi kiti cha nyuma, akapiga simu kituoni na kuwaambia wamfungulie Bwana Mabwawa. Alilisema kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie, halafu akalirudia.

Koplo alipokuwa akigeuza gari, Inspekta alitazama nyuma. Mke wa Bwana Mabwawa alikuwa ameliacha shoka na kuingia majini mpaka kiunoni, akibeba magunia ya mchanga moja moja kuziba pale walipokata. Watu hamsini walisimama na majembe yao wakimtazama, na hakuna aliyemshikia hata gunia moja.